Maji, Moshi na Mgeni wa Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuukaribisha Mwaka kwa Ada za Kiselti

Ada hii huanza na majivu. Tarehe 31 Desemba, kabla jua halijazama, mama mwenye nyumba katika Nyanda za Juu za Uskoti alizoa majivu yote mekoni, akayatoa nje, akafagia mpaka pembeni, akarudisha kila alichoazima kwa jirani na kuhakikisha hakuna deni dogo litakalovuka saa sita usiku. Hayo yakiisha ndipo maji, moshi na mgeni wa kwanza walipopata nafasi. Nimeufuata mpangilio huo kwa miaka kadhaa, kwenye nyumba yenye dohani na kwenye chumba kimoja cha ghorofani kisicho na moto wowote zaidi ya mshumaa, na kila mara nimeona nguvu yake imo katika utaratibu wake: unatoa kwanza, ndipo unaingiza. Ukirukia mishumaa na maneno matamu huku sinki limejaa vyombo vya jana, utabaki na mishumaa tu.

Naiita ada, si ibada wala tambiko. Haimwabudu yeyote, na kila mtu anaweza kuifanya akiwa na dini yake. Watu waliotuachia desturi hizi walikuwa Wakristo waliozungumza lugha za Kiselti: Kigaeli cha Uskoti na Ayalandi, Kimanksi cha Kisiwa cha Man, na Kiwelisi cha Welisi. Hata neno la Kiskoti la kuizungushia nyumba maji na moshi, saining, lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuweka alama, yaani kupiga ishara ya msalaba.

Ni usiku upi?

Utasikia wengi wakisema mwaka mpya wa Waselti ni Samhain, usiku wa 31 Oktoba kuamkia 1 Novemba. Wazo hilo lilienezwa na msomi wa Welisi, John Rhys, mwishoni mwa karne ya 19, na wanahistoria kama Ronald Hutton wameonyesha kuwa ushahidi wake ni mwembamba. Nao makuhani wa kale wa Waselti, madruidi, hawakuacha maandishi ya ibada zao. Anayekuuzia ibada ya kidruidi ya mwaka mpya, neno kwa neno, anakuuzia kitu cha juzi.

Lililo imara ni hili: Waselti waliianza siku usiku. Jemadari wa Kirumi Julius Caesar aliandika kwamba Wagali, Waselti wa nchi iliyo Ufaransa ya leo, huhesabu nyakati kwa usiku, si kwa mchana, na kwamba siku za kuzaliwa na mianzo ya miezi na miaka huipanga hivyo hivyo, usiku ukitangulia. Mswahili haoni ajabu hapo. Sisi nasi tukisema usiku wa Ijumaa twamaanisha ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hiyo usiku wetu hauanzi saa sita. Unaanza jua linapozama.

Tarehe ninayopendekeza ni mkesha wa 31 Desemba, ambao Waskoti huuita Hogmanay. Hapo ndipo desturi hizi zilipohifadhika vizuri, na sababu yake ni ya kihistoria. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, viongozi wa Uskoti waliiona Krismasi kuwa masalia ya Ukatoliki, na mwaka 1640 Bunge lao likafuta mapumziko yake. Krismasi ilikuja kuwa sikukuu ya mapumziko ya umma huko mwaka 1958 tu. Karamu, kutembeleana na zawadi zote zikahamia mwaka mpya, na mpaka leo Uskoti hupumzika tarehe 2 Januari pia.

Usiogope kuchagua tarehe nyingine. Uskoti yenyewe ilianza kuuhesabu mwaka kuanzia 1 Januari mwaka 1600, baada ya kuuanzia 25 Machi kwa muda mrefu. Uingereza ilisubiri hadi 1752. Zipo jamii zilizogoma kuiacha kalenda ya zamani. Mji wa Burghead, kaskazini mashariki mwa Uskoti, huzungusha pipa la moto mitaani tarehe 11 Januari, na Bonde la Gwaun huko Welisi huadhimisha mwaka mpya tarehe 13 Januari. Ukipitwa na Desemba, hujachelewa.

Vitu vya kutafuta

- Bakuli moja la udongo, mbao au kauri. Plastiki itafanya kazi, ila haipendezi mkononi.
- Tawi dogo la mti usiopukutisha majani.
- Vijiti vikavu vya mreteni au mbadala wake (nitaeleza), pamoja na chetezo na kipande cha mkaa.
- Chumvi, sarafu moja, mkate au biskuti ya siagi, kipande cha makaa ya mawe au mkaa wa kawaida.
- Tofaa moja kwa kila mtoto, na karafuu.
- Mshumaa mnene, kama huna jiko la moto.

Kuhusu mreteni inabidi nikae kidogo. Waskoti walifukiza kwa Juniperus communis, kichaka cha milimani ambacho Kigaeli hukiita aiteann. Leo kichaka hicho kinapungua sana Uskoti, na kuna ugonjwa wa mizizi unaokiua; ukiishi huko usiende kukata porini, nunua kwenye bustani ya miche. Ukiwa Afrika Mashariki una bahati ambayo wengi hawaijui: ndugu yake wa damu, Juniperus procera, ndiye mtarakwa wetu wa Usambara, Meru na nyanda za juu za Kenya. Nao umekatwa mno kwa mbao na nguzo, kwa hiyo usiukwanyue. Nenda kwa fundi seremala, mwombe kiganja kimoja cha maranda ya mtarakwa, na umuulize kama mbao imepakwa dawa au vanishi. Ikiwa imepakwa, acha. Ukikosa vyote, tumia ubani wa nyumbani, na uuite ubani. Hauhitaji jina la Kiselti ili ufanye kazi yake.

Hatua ya kwanza: kutoa (siku tatu kabla mpaka machweo)

Waskoti huita kazi hii redding, na ndiyo ndefu kuliko zote. Zigawe siku zako tatu hivi. Siku ya kwanza, madeni: andika kila unachodaiwa, hata elfu mbili za mama wa vitumbua, ulipe unachoweza, usichoweza, mpigie mdai wako simu na mpange tarehe. Kilichoazimwa kirudi kwa mwenyewe, vitabu na sufuria za watu zikiwemo. Siku ya pili, vitu: kilichovunjika kishonwe, kigundishwe au kitupwe. Siku ya tatu ni ya fagio, shuka safi, vyombo na takataka. Majivu, kama unapikia kuni au mkaa, hutoka mwisho kabisa, kabla ya machweo.

Usiruke siku ya madeni. Fagio linasafisha nyumba, lakini simu ile moja uliyoikwepa tangu Agosti ndiyo inayokupa usingizi usiku wa mwaka mpya.

Hatua ya pili: kuoka

Biskuti ya siagi ya Kiskoti ina kipimo rahisi kukumbuka: moja, mbili, tatu. Sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300, na chumvi kidogo. Changanya siagi laini na sukari, ingiza unga, ukande kidogo tu kwa ncha za vidole mpaka ushikane. Ukikanda sana itakuwa ngumu. Bapa kwenye chombo unene wa sentimita moja na nusu, toboa kwa uma, chora vipande. Oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 30 hadi 40, mpaka iwe ya dhahabu hafifu pembeni. Usingoje iwe kahawia. Kwa jiko la mkaa, weka moto mdogo chini na mkaa mwingi kidogo juu ya kifuniko cha sufuria, na uchungulie mapema.

Oka nyingi. Ayalandi walikuwa na jina la usiku huu linalomaanisha usiku wa fungu kubwa: familia ilikula ikashiba kwelikweli, ili mwaka wote uige mfano. Huko huko, watu walipiga mlango kwa mkate ili njaa itoke. Watoto wangu wa jirani wanaipenda sehemu hiyo kuliko zote, na mimi huwaachia kipande cha mkate mkavu waupige mlango watakavyo.

Hatua ya tatu: maji (machweo)

Huko Uskoti jua la 31 Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Ukiwa pwani ya Afrika Mashariki una mpaka kama saa kumi na mbili na nusu jioni.

Maji ya Nyanda za Juu yalichotwa kwenye kivuko walichopita wazima wakienda shughuli zao na jeneza likienda makaburini; waliita kivuko cha wafu na walio hai. Aliyetumwa hakuruhusiwa kuliacha tako la chombo liguse ardhi. Yakifika, kila mtu nyumbani alikunywa, kisha yakanyunyizwa vitandani.

Huhitaji kivuko. Chukua maji safi ya kunywa, ya kisima, ya mvua yaliyochemshwa au ya bomba. Kanuni mbili zishike: yachote ukiwa kimya, na usiweke bakuli sakafuni mpaka ada iishe. Ukifika nayo, waite wote walio ndani. Mimi hapa nimeongeza jambo langu mwenyewe, kwa sababu ya kile kivuko: kila mmoja hutaja jina la mtu aliyetutoka mwaka huu, bila hotuba, jina tu. Kisha kila mtu anakunywa funda moja.

Baada ya hapo chovya tawi na uanze kunyunyiza. Tembea kwa mwendo wa jua, ambao Wagaeli huuita deiseal: ukiingia chumbani zunguka ukiacha katikati ya chumba iwe mkono wako wa kulia. Uskoti jua la mchana husimama kusini mwaka mzima, ndiyo maana mwendo wake ukiufuata ni kama wa mishale ya saa. Kwetu karibu na ikweta jua huhamahama, lakini mwishoni mwa Desemba nalo liko kusini, kwa hiyo mwendo ni ule ule. Nyunyiza matone machache: kizingiti, madirisha, meza, kila kitanda. Epuka soketi na televisheni. Maneno yangu ni haya, nawe tafuta yako:

*Maji yaliyowavusha walio hai na waliotangulia, yaipoze nyumba hii.*

Hatua ya nne: moshi

Wazee wa Uskoti hawakuwa na mchezo hapa. Walifunga madirisha na milango, wakaziba hata matundu, wakawasha matawi ya mreteni nyumbani na zizini mpaka watu na ng'ombe wakakohoa na kupiga chafya. Kisha wakafungua kila kitu hewa iingie, na mama mwenye nyumba akawapa kinywaji cha kuwarudishia nguvu.

Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kabla hujaanza. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wakae nje au barazani mpaka moshi utawanyike. Washa kipande kimoja tu cha mkaa nje, kikishika vizuri kiweke kwenye chetezo chenye mchanga chini, tia mreteni au maranda ukiyafinya kwa vidole vitatu, kisha pita kila chumba kwa mwendo ule ule wa jua. Dakika tano zatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu. Ukimaliza, chetezo kirudi nje na mkaa uzimwe kwa maji.

Nyumba zenye ving'ora vya moshi, fanya ada hii mlangoni, nje, na ndani upitishe tawi bichi tu lisilowashwa. Kisha wape watu chai ya tangawizi. Hicho kinywaji cha kurudisha nguvu ni sehemu ya ada, usikisahau.

Hatua ya tano: mlango wa nyuma na mlango wa mbele

Kati ya moshi na saa sita kuna saa nyingi, nazo ni za kula na kusimulia. Pwani na visiwani magharibi mwa Uskoti, vijana walipita nyumba kwa nyumba mmoja akiwa amejifunika ngozi ya ng'ombe, wenzake wakiipiga kwa fimbo, wakazunguka nyumba kwa mwendo wa jua na kuimba shairi mlangoni ndipo waruhusiwe kuingia. Kama una watoto wenye nguvu za kupunguzwa, ngoma na sufuria kuukuu vitatosha.

Dakika tano kabla ya saa sita, zima taa za umeme na ubaki na moto au mshumaa mmoja. Mtu mzima kuliko wote afungue mlango wa nyuma na aseme, *Mwaka mkongwe, umetulea, nenda salama.* Saa sita ikigonga, aliye mdogo kuliko wote afungue wa mbele na aseme, *Mwaka mpya, karibu, ingia na heri.* Iache milango yote wazi kwa pumzi kadhaa, upepo upite. Kama nyumba ina mlango mmoja, dirisha la mwisho ndani ndilo mlango wa nyuma.

Hatua ya sita: mgeni wa kwanza

Hii ndiyo roho ya usiku wote. Waskoti huamini kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita ndiye anayeuleta mwaka. Kisiwa cha Man wanaye pia, na wana jina lake, quaaltagh. Anayetakiwa Uskoti ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi. Wengi huko hueleza kwamba mtu wa nywele za manjano aliyebisha hodi usiku enzi za Waviking hakuleta heri. Neno "mweusi" katika desturi hii ni la nywele, lakini Mwafrika akiishi Glasgow lazima atabishiwa hodi na majirani mwezi Desemba, kama nilivyobishiwa mimi na bibi mmoja wa ghorofa ya chini. Nilisimama ngazini kwenye baridi nikiwa na makaa mfukoni, nikisikiliza mlio wa kengele za mji mzima, na nilipofunguliwa yule bibi alikuwa analia. Mumewe ndiye aliyekuwa akiingia kila mwaka. Tangu hapo sikuichukulia ada hii kama mchezo.

Nimewahi kuona watu wakikataa wanawake au wenye nywele nyekundu wasiwe wageni wa kwanza. Sehemu hiyo mimi nimeiacha. Mchague mtu ambaye ungependa mwaka wako ufanane naye.

Mpangilio wake uko hivi. Mgeni atoke nje mapema, dakika kumi kabla. Asije mikono mitupu kamwe. Makaa ni ya joto, mkate au biskuti ni ya chakula, chumvi ni ya ladha, sarafu ni ya riziki. Wiski ni ya furaha, na asiyekunywa pombe alete asali. Makaa yafungwe kwenye karatasi, maana yatachafua mfuko wa koti. Milango ikishafunguliwa na kufungwa, abishe. Mfungulie. Aingie bila kusema neno, aende moja kwa moja penye moto na kutia makaa, au awashe mshumaa mpya kwa mshumaa mkongwe. Hapo ndipo afungue kinywa na kuamkia nyumba. Salamu ya Waskoti humaanisha kwamba dohani lako lifuke moshi miaka mingi, nayo kwa Kiswahili inakaa vizuri tu: *Jiko lenu lisizime.* Aweke mkate na chumvi mezani, ampe mwenye nyumba sarafu. Nanyi mpeni chakula na kinywaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ukiishi peke yako, toka mwenyewe saa sita kasoro, na vitu vyako mkononi, uingie tena ukiwa mgeni wa nyumba yako. Nimeifanya mara mbili. Kubisha mlango wako mwenyewe kunakufanya uitazame nyumba yako upya.

Hatua ya saba: asubuhi

Tarehe 1 Januari usitoe kitu nyumbani mpaka kitu kingine kiwe kimeingia. Hata majivu na takataka zilale mpaka kesho yake. Maji ya kwanza kuchotwa alfajiri yalikuwa na thamani, na wasichana wa Uskoti walishindana kuwahi kisimani kuyapata, wakiyaita malai ya kisima. Osheni nyuso kwayo.

Kisha watoto. Welisi wana zawadi iitwayo calennig: tofaa lililosimamishwa kwa vijiti vitatu kama kigoda, likachomekwa tawi la kijani juu na karafuu pande zote. Watoto hulibeba nyumba kwa nyumba wakiimba, wakapewa sarafu au vitafunio, na mwisho wake ni saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna cha kudai. Karafuu za Unguja na Pemba ni bora kwa kazi hii. Toboa kwanza kwa kijiti cha meno, la sivyo zinavunjika vichwa.

Kisiwa cha Man kulikuwa na jambo la asubuhi pia: usiku mama alisawazisha majivu sakafuni, na kulipokucha wakatafuta alama ya unyayo. Vidole vikielekea mlangoni, kuna atakayefariki. Kisigino kikielekea mlangoni, familia itaongezeka. Sikushauri ufanye hivyo kwenye nyumba yenye mgonjwa au mzee.

Maji yaliyobaki bakulini mwagia mti au chungu cha maua. Tawi lilaze juu ya fremu ya mlango. Tofaa liweke dirishani panapopita hewa. Karafuu hulikausha taratibu, na likisinyaa kabisa, mara nyingi kama mwezi wa pili hivi, lizike chini ya mti ule ule ulioumwagia maji.